Kikasha au albamu? Pa kuweka sarafu za kale, hasa kwa sisi tunaoishi karibu na ziwa

Mkebe wa babu ulinifikia ukiwa umefungwa kwa mpira uliokwisha kuoza. Ndani yake mlikuwa na shilingi kumi na tatu za simba (zile za Afrika Mashariki za enzi ya mkoloni), senti kumi zenye tundu, ndururu (senti tano) chache, na rupia moja iliyolika hadi sura ya mfalme ikabaki kivuli tu. Babu alifanya kazi bandarini Kisumu. Sidhani aliwahi kuziona kama mkusanyiko. Kwake zilikuwa pesa zilizobaki. Nami kwa furaha nikakimbia mjini, nikanunua albamu ya kwanza niliyoiona, yenye kurasa laini zinazong'aa, nikazipanga kwa miaka. Misimu miwili ya mvua ilipopita niliifungua, nikakuta shilingi za mwaka 1924 zimevaa utando wa kijani unaonata.

Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi na watu waliorithi mikebe kama ule: niweke kila sarafu kwenye kikasha chake, au nizipange zote kwenye albamu? Rafiki yangu mmoja, mwalimu mstaafu wa Nakuru, ana albamu sita na hataki kusikia habari za vikasha. Mimi, hapa Kisumu, zile ninazozithamini zaidi nimezifungia moja moja. Tumebishana miaka mingi kwa simu na kwa chai, na sababu zake zina uzito kama zangu. Nitaziweka mezani zote.

Tunalinganisha nini hasa

Nikisema kikasha namaanisha chochote kinachobeba sarafu moja peke yake. Kuna kadi ya mraba ya sentimita 5 kwa 5 yenye dirisha la plastiki angavu katikati, inayokunjwa na kubanwa kwa pini za stepla. Kuna kapsuli, yaani kidude cha mviringo cha plastiki ngumu chenye vipande viwili vinavyobanana. Kuna pia kifuko chenye mifuko miwili, mmoja wa sarafu na mwingine wa kikaratasi cha maelezo.

Albamu nazo ni za aina mbili. Ya kwanza ni faili lenye kurasa za mifuko ya plastiki, unazoongeza kadiri sarafu zinavyoongezeka. Ya pili ni ya kadibodi yenye matundu yaliyokatwa kwa kipimo, kila tundu limeandikwa mwaka wake. Hizi za matundu hutengenezwa zaidi kwa ajili ya sarafu za Marekani na Ulaya, kwa hiyo mkusanyaji wa sarafu zetu mara nyingi huishia kwenye faili la mifuko, na hiyo ndiyo nitakayoizungumzia zaidi.

Vigezo

Kabla ya kutoa hata shilingi mia, jiulize: hewa ya nyumbani kwangu ikoje? Nani atazishika sarafu hizi? Nataka kutazama sarafu moja kwa makini, au kuona safari nzima kwa mpigo? Nina nafasi na pesa kiasi gani? Na mwisho wake ni upi, kuuza au kurithisha? Nitapitia kila swali kwa pande zote mbili, ila nitakaa zaidi kwenye hewa na kwenye kutazama, kwa sababu hapo ndipo watu wa huku wetu hupoteza au hupata zaidi.

Hewa, unyevu na plastiki yenyewe

Lile janga langu la kijani halikuletwa na unyevu peke yake. Kurasa zile zilikuwa za PVC, plastiki inayolainishwa kwa kemikali ili ikunjike. Muda ukipita, na hasa kukiwa na joto, vilainishi hivyo hutoka na kugandamana juu ya sarafu, na plastiki yenyewe inapochakaa hutoa asidi inayokula shaba. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kuanzia 1921 hadi 1946 ina madini ya fedha robo tu. Sehemu kubwa ya hizo robo tatu zilizobaki ni shaba, na shaba ndiyo inayogeuka kijani.

Jambo hili linahusu pande zote mbili. Kifuko cha PVC ni kibaya sawasawa na ukurasa wa PVC. Njia rahisi ya kukitambua ni pua na vidole: plastiki laini inayolegea kama ngozi na kunuka kama viatu vipya vya plastiki, iache dukani. Kuna jaribio jingine la uhakika zaidi, lakini lifanye nje, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu moshi wake ni mbaya. Pasha moto waya wa shaba hadi wekundu, uguse kwa kipande kidogo cha plastiki, kisha uurudishe kwenye mwali. Mwali ukigeuka kijani, mna klorini humo, na hiyo karibu kila mara ni PVC. Plastiki salama ni polipropilini, poliesta (wengi huijua kwa jina la Mylar), na akriliki ya kapsuli ngumu. Zote hizi huwa kavu na hazina harufu kali.

Plastiki ikishakuwa salama, ndipo hewa yenyewe inapoanza kutofautisha. Kisumu iko karibu mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, ziwa liko mlangoni, na jioni ya mvua unyevu unauona kwenye kioo cha dirisha. Kakamega hali ni hiyo hiyo, mvua ikinyesha karibu kila alasiri katika msimu wake. Kapsuli iliyobana vizuri haizuii hewa kabisa, ila hupunguza kuingia na kutoka kwake, na hilo linaonekana. Shilingi mbili nilizofungia ndani ya kapsuli siku moja na zile za albamu zimebaki na rangi ile ile ya kijivu cha heshima. Kadi ya dirisha nayo hulinda vizuri, lakini ina udhaifu wake: pini za stepla hushika kutu, na kutu ile hupenya kwenye kadi. Nunua pini zisizoshika kutu ukizipata, au ubadilishe kadi kila baada ya miaka michache. Zile kadi zinazojibandika zenyewe hazina tatizo la pini, ila joto la Kisumu linaweza kulegeza gundi.

Albamu inapumua zaidi, kwani mfuko wake uko wazi juu. Mwalimu wangu wa Nakuru haoni shida yoyote, na namwelewa. Nakuru iko karibu mita 1,850, usiku ni baridi na hewa ni kavu zaidi. Adui wake ni vumbi la Januari na Februari, na vumbi hilo huingia kwenye mfuko wa wazi na kukwaruza sarafu kila inapotolewa. Yeye hulizuia kwa kuweka kila albamu ndani ya jaketi lake la kadibodi na kuisimamisha kabatini wima, bila kubananisha kurasa.

Popote ulipo, tia ndani ya sanduku vile vipakiti vyeupe vinavyofyonza unyevu, vinavyokuja na viatu na vifaa vipya vya umeme. Vibadilishe mara kwa mara, kwa maana kipakiti kilichoshiba unyevu hakina kazi tena. Usiweke mpira wa kufungia, wala gazeti, wala karatasi ya kahawia ya bei ya chini karibu na sarafu. Vyote hutoa salfa inayozitia weusi. Ule mpira wa babu uliacha mstari mweusi katikati ya shilingi ya juu kabisa mkebeni, na mstari ule hautoki.

Mikono

Vidole vina chumvi na mafuta. Alama ya kidole juu ya sarafu mpya ya shaba inaweza kubaki humo maisha yake yote.

Kapsuli ndiyo ngao bora hapa. Unaweza kumpa mtoto wa miaka mitano akaigeuza, akaiangusha sakafuni, na sarafu isiguswe. Kadi ya dirisha nayo inalinda vizuri, isipokuwa wakati wa kuitoa sarafu: ncha ya pini iliyoinuka inaweza kuchora mstari shavuni mwa Mzee Kenyatta kabla hujatanabahi. Ng'oa pini zote kwanza, ndipo ufungue kadi. Na ukishabana kadi mpya, bonyeza migongo ya pini kwa koleo ili zisikwaruze kadi ya jirani.

Albamu ya mifuko huhimiza mikono, nami nasema hivyo kwa kuisifu na kuionya pia. Watu hutaka kuvuta sarafu nje waione vizuri. Kwenye albamu za matundu zenye vifuniko vya kuteleza, kifuniko husugua sehemu iliyoinuka zaidi, yaani pua, shavu na nywele, na baada ya kufunguliwa mara nyingi utaona mikwaruzo myembamba sambamba. Kwa sarafu iliyokwisha kulika kwa kupita mifukoni miaka thelathini hilo halina madhara makubwa. Kwa sarafu ambayo haijawahi kutumika, ni hasara ya kweli.

Kutazama na kusimulia

Hapa ndipo Mwalimu hunishinda, nami nakiri kwa moyo mmoja.

Nilimtembelea mwaka jana, akafungua albamu ya sarafu zenye tundu. Senti kumi zote, mstari baada ya mstari. Kwa sababu zina tundu katikati, hazina sura ya mfalme, zina jina lake tu. Unaanza na George wa Tano, kuanzia 1921. Kisha, katikati ya mstari, mwaka 1936, lipo jina la Edward wa Nane, mfalme aliyeachia kiti Desemba mwaka huo huo kabla hajatawazwa. Sarafu ilikuwa imekwisha kupigwa, ikaletwa Afrika Mashariki, ikanunua chumvi na viberiti vijijini kwetu ikiwa na jina la mfalme asiyekuwapo. Mfuko unaofuata ni George wa Sita, na ukiangalia kwa makini maandishi ya Kilatini yanabadilika: cheo cha mtawala wa India kinaondoka kwenye sarafu za 1949, kwa kuwa India ilijitawala 1947. Halafu Elizabeth. Halafu 1964, senti kumi isiyo na jina la mfalme wala malkia yeyote.

"Sasa niambie," Mwalimu akasema, "vikasha vyako vinaweza kusema hayo?"

"Vinaweza, Mwalimu, ila nitahitaji meza kubwa."

Ukurasa wake mwingine ni wa sarafu za Kenya. Mzee Kenyatta mwaka 1966; kuanzia 1969 maneno ya kumtaja kuwa rais wa kwanza yanaongezwa kumzunguka. Moi anafuata. Sarafu ya shilingi arobaini ya 2003 ina sura ya Kibaki, kuadhimisha miaka arobaini ya uhuru. Mwaka 2005 Kenyatta anarudi. Kisha Desemba 2018 sura za watu zinatoweka kabisa, kwa sababu Katiba ya 2010 imekataza picha ya mtu yeyote kwenye pesa: twiga kwenye shilingi moja, kifaru kwenye tano, simba kwenye kumi, ndovu kwenye ishirini. Wajukuu wake wamejifunza historia ya nchi kwa kufungua kurasa nne.

Albamu ina neema nyingine: mfuko mtupu. Ukiona pengo la mwaka fulani, unajua unachotafuta Jumapili ukipita soko la Kibuye au ukiongea na wazee kijijini. Kikasha hakikukumbushi ulichokosa.

Hata hivyo, kwa kutazama sarafu moja kwa makini, kikasha ni bora. Kapsuli angavu unaigeuza mwangani, unaona pande zote mbili na hata ukingo, unaweka kioo cha kukuzia juu yake na kutafuta ile herufi ndogo ya kiwanda, H au KN, iliyo kwenye baadhi ya sarafu hizi. Plastiki ya ukurasa wa albamu mara nyingi ina ukungu kidogo, na kupitia humo herufi hizo hazionekani sawasawa.

Vipimo, nafasi na gharama

Kikasha kinataka vipimo kamili, kwa hiyo chukua rula kabla ya kuagiza. Shilingi ya simba ina upana wa karibu milimita 28, kwa hiyo kadi yenye dirisha la 27.5 ni finyu; chukua ya 30. Senti kumi yenye tundu ni pana zaidi, karibu milimita 31, nayo yahitaji 32.5. Kapsuli iliyozidi hata milimita moja huacha sarafu ikichezacheza ndani na kujisugua. Mfuko wa albamu haujali sana, sarafu tofauti huingia humo humo.

Kwa bei, kadi za dirisha ni nafuu zikinunuliwa kwa mamia, kapsuli ni ghali ukihesabu moja moja, na albamu inachukua pesa nyingi mara moja kisha kidogo kidogo kwa kila ukurasa. Vyote hivi mara nyingi huagizwa kwa mtandao au kupitia mtu anayetoka Nairobi, basi hesabu na nauli ya kifurushi.

Uzito husahaulika. Shilingi moja ya simba ina gramu 7.8 hivi. Ukurasa wa mifuko ishirini ni gramu 156, na kurasa kumi tayari ni kilo moja na nusu bila kuhesabu albamu yenyewe. Usijaze faili kupita kiasi, kwani matundu ya kurasa huchanika. Vikasha navyo huenea: kapsuli mia moja zinataka sanduku lake, na sanduku la mbao mbichi si zuri kwa sababu mbao nyingi hutoa mvuke wa asidi. Sanduku la plastiki gumu linalofungika vizuri linatosha.

Kuuza na kurithisha

Mnunuzi anapenda kikasha. Anashika, anageuza, anapima kwa macho bila wewe kuwa na wasiwasi, na unaweza kuuza moja bila kuvuruga nyingine. Ukifika mbali zaidi katika shughuli hii utakutana na makasha magumu ya kampuni za Marekani kama PCGS, iliyoanza 1986, na NGC ya 1987. Hizi huipa sarafu alama kati ya 1 na 70 na kuifungia ndani ya kasha lisilofunguka bila kuvunjwa. Kwa sarafu za kawaida za mkebe wa babu gharama hiyo haina maana.

Albamu kwa upande wake hurithika vizuri. Mtoto anayepokea kapsuli themanini ndani ya boksi anaweza kuziona ni vitu vya kuuza. Anayepokea albamu yenye mwandiko wa mzazi chini ya kila safu anapokea maelezo pamoja nazo. Basi ukichagua vikasha, andika: wapi sarafu ilipatikana, kwa nani, mwaka gani. Kadi ya dirisha ina nafasi ya kutosha pembeni. Andika kabla ya kutia sarafu, ili kalamu isiikandamize.

Njia ya katikati

Zipo kurasa za albamu zenye mifuko ishirini iliyokatwa kwa kipimo cha kadi ya mraba. Unaitia sarafu kwenye kadi ya dirisha, kisha kadi ndani ya mfuko. Inapata ngao mbili, na bado unafungua kurasa kama kitabu. Hasara yake ni unene na uzito, na plastiki mbili hupunguza mwanga. Mimi ndivyo nilivyofanya kwa zile shilingi za babu zilizonusurika. Zile zilizokuwa na kijani nilizitumbukiza kwenye asetoni safi, dirisha likiwa wazi na jiko limezimwa kwani hushika moto haraka, nikaziacha zikauke bila kuzisugua. Utando ulitoka, alama zilizokwisha kuliwa zimebaki. Dawa ya kung'arisha shaba, limau na majivu usivikaribishe kamwe. Vinaondoa rangi ya umri pamoja na sehemu ya sarafu yenyewe.

Kulingana na hali yako

Ukiishi Kisumu, Homa Bay, Busia au popote panapotoka jasho kuta, na una sarafu chache zenye thamani ya pesa au ya moyo, anza na kapsuli au kadi za dirisha ndani ya sanduku lenye vipakiti vya kukausha.

Ukiwa Nakuru au Eldoret, kwenye nyumba kavu, na unakusanya sarafu zilizotumika kwa mwaka na kwa mfalme, albamu ya polipropilini itakupa raha zaidi. Ikague kila mwisho wa mvua.

Kama kuna watoto wanaotaka kushika, gawanya: albamu ya sarafu za kawaida iwe yao, kapsuli za zile adimu ziwe zako. Mwalimu huwapa wajukuu albamu ya wanyama wa 2018, wanaichezea, na zikikwaruzwa anabadilisha na chenji ya matatu.

Kama unahamahama kwa kazi, kadi za dirisha ndani ya sanduku refu jembamba ndizo rahisi kubeba, na hazimwagiki gari likiruka tuta.

Kama unafikiria kuuza ndani ya mwaka mmoja au miwili, vikasha. Kama unawaandalia watoto, albamu, au kadi ndani ya albamu, pamoja na maelezo ya mkono wako.

Na kama leo mkebe bado uko chini ya kitanda na hujaamua lolote, toa mpira na gazeti, funga kila sarafu kwa kipande chake cha karatasi nyeupe isiyo na asidi, uziweke mahali pakavu mbali na jikoni. Hapo zitakungojea salama mpaka utakapopata vifaa vinavyofaa.